Mtu wa Kumrudisha Nyumbani

Fundi Sindano alikosa mengi. Alikosa mke, maana yule aliyekuwa naye alitangulia mbele ya haki, na wa pili hakumtafuta. Alikosa mtu wa kumwambia chai inapoa. Alikosa kiti chenye mgongo, kwa kuwa kiti cha cherehani hakina mgongo na kingine hakuwa nacho. Alikosa ndugu wa kumgongea mlango bila sababu. Alikosa mjukuu wa kumchafulia vitambaa. Mjukuu alikuwepo, lakini mbali, nyumbani kwa binti yake wa pekee, safari ya kutwa nzima na zaidi kwa basi, na Fundi hakuwahi kumtia machoni. Alikosa kulala kifudifudi. Alikosa kupanda ngazi bila kutafuta ukuta wa kushika. Alikosa hata kuikimbia mvua. Ikimkuta njiani, ilimlowesha taratibu kama inavyolowesha nguzo.

Kitu kimoja hakukikosa, nacho hakukiomba kwa mtu: busha.

Lilianza dogo kama ndimu, mkewe angali hai. Likawa chungwa. Likawa embe. Baada ya hapo Fundi aliacha kulifananisha na matunda, maana matunda yaliisha na lenyewe bado lilikuwa linaendelea. Halikuuma sana. Lilivuta tu, kama mtoto anayening'inia kwenye nguo za mzazi, na jioni lilikuwa zito kuliko asubuhi.

Mwingine angeumbuka mapema. Yeye alikuwa fundi wa suruali. Pale miguu miwili ya suruali inapokutana aliongeza kipande cha kitambaa, chenye pembe nne, kilichopindwa vizuri hata jicho lisione ila marinda mawili matatu ya upana. Kila baada ya muda alikishonoa na kukipanua. Juu ya hayo alivaa koti refu la dukani, lile la mfuko wa chaki, akavaa hata siku za jua kali. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, naye aliikalia upande, goti moja nje. Wateja walidhani ni mgongo. Aliwaacha wadhani.

Jina la Sindano walimpa kwa wembamba wake. Hakuna aliyejua kwamba sindano hiyo ilibeba mzigo.

Ila yeye aliyajua ya wenzake. Fundi wa suruali hujua mguu upi ni mfupi, tumbo lipi limeanza kushuka, nani amekonda ghafla na anasema ni mazoezi. Bwana aliyemfundisha kazi, mzee mkali mwenye vidole vya manjano kwa tumbaku, alimwachia neno moja: kinachopimwa na futi hakisemwi na ulimi. Fundi alilishika neno hilo kuliko hata mshono wenyewe. Alikuwa na mteja, mpiga plasta mfupi wa kitambi, watu wakimwita Chokaa kwa sababu nywele zake hazikuwahi kuonekana rangi yake halisi. Miaka nenda miaka rudi Fundi alimtilia Chokaa kipande kile kile katikati ya suruali, akikipanua kidogo kila mara. Chokaa alivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema imekaa vizuri, akaondoka. Hawakuwahi kugusia.

*

Binti alipojifungua alimpigia simu baba yake akilia kwa furaha, akamwambia aje amwone mtoto. Fundi alisema kuna sare za shule, shule zinakaribia kufunguliwa. Ilikuwa kweli, kwa sehemu. Mara ya pili alisema kuna harusi ya watu wakubwa na wasimamizi wote wanashona kwake. Mara ya tatu alisema cherehani imekatika mkanda, kana kwamba mtu husafiri akiwa amepanda cherehani.

Ukweli ulikuwa mwingine. Alikuwa akiitazama safari ile akilini, hatua kwa hatua, na kila hatua ilimtoa jasho. Kiti cha basi, magoti yamebanwa, jirani kambana ubavu. Mkwe na ndugu zake wakija kumpokea kwa kumkumbatia. Bafu la nyumba ya watu, lenye mlango usiofunga vizuri. Kisha mtoto. Mtoto hukaa mapajani. Mtoto huuliza, tena kwa sauti.

Basi hakwenda. Na binti, ambaye alikuwa mwalimu na alijua kumsoma mtoto asiyejibu swali, alijisomea jibu lake. Mara ya mwisho alimtumia ujumbe mfupi: "Sawa baba. Tunajua una kazi." Baada ya huo hakumwita tena. Aliuliza hali, akasalimia kwa heshima zote, akatuma picha za mtoto siku moja moja, lakini neno "njoo" lilitoweka kwenye mazungumzo yao. Fundi alilitafuta katika kila ujumbe kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni, anapapasa kwa kiganja, polepole, akiogopa kuchomwa.

Siku moja alikuwa kwa Kinyozi, mlango wa pili kutoka kwake, redio ikawa inaongea. Sauti ya mwanamke ilisema kwamba busha ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, kwamba hospitali ya mji sasa ina njia ya kulitibu kwa tundu dogo tu, mtu anaingia asubuhi na kurudi kwake jioni, na kwamba kwa msimu ule tiba ilikuwa bure. Wateja waliangua kicheko. Kinyozi, ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake, alisema sasa wenye mizigo watajulikana kwa foleni. Fundi alicheka kuliko wote. Alicheka hadi akafuta machozi kwa pindo la shuka la kunyolea.

Kesho yake alifunga duka, akaenda.

*

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa binti yake au pungufu. Fundi alipomwona aligeuka kutazama mlango, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa na yule daktari alikuwa ameshamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Alimpima bila haraka, akimulika kwa tochi ndogo, na taa ile ilipenya ndani ya uvimbe ukang'aa mwekundu kama taa ya chumba cha kusafishia picha. Akamwambia hayo ni maji tu, yamejaa ndani ya mfuko unaozunguka pumbu. Zamani walipasua sana na mtu akalala wodini siku nyingi. Siku hizi wanakata kidogo, wanauvuta ule mfuko taratibu kupitia pale pale, wanatoa maji, wanapunguza mfuko, wanashona. Alipojua kwamba mgonjwa ni fundi cherehani akacheka, akasema, "Basi wewe utanielewa upesi. Tundu lenyewe ni kama la kifungo cha koti."

Fundi alielewa upesi mno, na hapo ndipo kosa lake lilipozaliwa. Aliuliza kama ule mfuko unapinduliwa kama bitana. Daktari akasema karibu hivyo. Aliuliza kama ukingo unapindwa ili usifumuke. Daktari akasema ndiyo, ili usivuje damu. Kutoka hapo Fundi hakusikiliza tena kwa sikio la mgonjwa, alisikiliza kwa sikio la fundi. Daktari alieleza kwamba mahali pale patavimba kwa wiki kadhaa kabla ya kurudi kawaida, kwamba aje na nguo pana, kwamba asibebe kitu kizito. Fundi aliitikia kwa kichwa. Moyoni alisema hayo ni ya wagonjwa wasiojua mshono. Kitambaa ukishakipunguza kimepungua.

Kitu kimoja kilimwingia. Daktari alisema asije peke yake. Atachomwa sindano ya ganzi, miguu itakuwa haina nguvu, lazima awe na mtu wa kumrudisha nyumbani na kukaa naye mpaka jioni.

"Una watoto, mzee?"

"Ninao," alisema Fundi, akimfanya mmoja awe wengi.

Siku aliyopangiwa alikwenda peke yake. Alikuwa ameshapanga uongo wake: mwanangu yuko njiani. Alimwambia muuguzi wa mapokezi, mama mnene mwenye saa ya kifuani, akakaa benchi. Wengine waliitwa. Mmoja alikuwa na kaka, mwingine na mke aliyembebea mto kutoka nyumbani. Muuguzi alipita akauliza, Fundi akasema anakaribia. Akapita tena, Fundi akasema amepigiwa simu, gari limeharibika. Mara ya tatu yule mama alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Baba yangu, huyo mtoto wako anatoka mwezini?"

Watu walicheka, si kwa ubaya. Muuguzi mwenyewe aliona uso wa mzee, akainama, akasema kwa sauti ya chini kwamba hawezi kumwachia atoke peke yake akaanguke barabarani. Amtafute mtu. Si lazima awe mtoto. Mtu yeyote, alisema, mtu tu.

Fundi alirudi na mfuko wake wa nguo. Njia nzima alihesabu watu. Kinyozi? Kinyozi alinyoa vichwa na siri kwa pamoja. Mama mwenye nyumba? Haiwezekani, mwanamke wa watu. Wateja? Alijua viuno vyao vyote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka kizingiti cha chumba chake. Mikono yake ilizunguka miili ya watu kutwa nzima, kifua, kiuno, paja, kifundo, lakini tangu mkewe afe hakuna mkono uliomzunguka yeye. Hakuwahi kulifikiria hilo. Sasa alilifikiria, akaona ni jambo kubwa, akatamani asingelifikiria.

*

Chokaa alikuwa akipiga plasta ukuta wa shule mpya nje kidogo ya mji. Alishangaa kumwona Fundi kati ya mifuko ya saruji, na koti lake la chaki.

"Suruali ina nini?" aliuliza.

"Suruali nzima."

"Basi umefuata nini huku kwenye vumbi, mzee mwenzangu?"

Fundi alitazama ukuta. Ulikuwa umenyooka vizuri. Akausifu. Chokaa akasema asante na kuendelea na mwiko wake. Fundi akakohoa.

"Ile suruali ya kijivu niliyokushonea mwisho. Nilitia kipande katikati."

"Najua."

"Na ile iliyotangulia."

"Najua, Fundi. Mvaaji si mimi?"

"Hukusema kitu."

"Na wewe hukuuliza. Nikasema, bwana huyu ana adabu zake. Leo adabu imekwisha?"

Fundi alishusha pumzi. Neno la mwalimu wake lilikuwa limemkalia ulimini miaka yote ile, na kuling'oa kuliuma kama kung'oa jino.

"Na mimi zangu nazitia kipande," alisema.

Mwiko ulisimama. Chokaa aligeuka, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akarudi tena juu.

"Wewe? Na wembamba huo? Unaliweka wapi?"

Fundi alianza kucheka kabla hajajua kwamba anacheka. Chokaa akafuata, kitambi kikitikisika, vumbi jeupe likimwanguka mabegani. Wasaidizi wake waligeuka kutazama, wakaona wazee wawili wameshikana mikono karibu waanguke kwenye beseni la udongo, wakadhani ni habari za ujana.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi kumweleza. Chokaa alisikiliza. Alisema yeye na lake wameshazoeana, na akilala nyumbani nani atampigia plasta hizi kuta. Lakini kwenda na mwenzake ataenda, kwa nini asiende. Kisha akauliza jambo ambalo Fundi hakulitegemea.

"Binti yako anajua?"

"Utamwambia nini binti?"

"Sijui. Wa kwangu hawajui pia." Akakwaruza saruji iliyokauka kwenye kucha. "Ila wa kwangu ninawaona kila siku. Wahenga walisema mficha uchi hazai."

"Mimi nimezaa."

"Basi siku hiyo hukuficha," alisema Chokaa, akarudi kwenye ukuta wake.

*

Wiki ile Fundi alishona suruali mpya. Alichagua kitambaa cha rangi ya kahawa alichokuwa amekihifadhi kwa muda mrefu, akajipima kwa kukadiria, akakata ya mtindo wa vijana, nyembamba, isiyo na kipande. Hakuwa ameshona suruali yake bila kipande tangu mkewe yuko hai. Alipoimaliza alizikusanya zile pana, moja baada ya nyingine, akazikata matambara ya kupigia pasi. Alibakiwa na moja tu, aliyoivaa kwenda hospitali.

Siku mpya aliyopangiwa ilipofika, Chokaa alimfuata mlangoni mwa hospitali akiwa amevaa ovaroli yake ya kazi juu ya suruali ya kijivu, maana alitumaini kupitia kazini kama mambo yangekwisha mapema. Muuguzi mwenye saa ya kifuani alimtazama yule mfupi mwenye vumbi la jana, akamtazama yule mwembamba.

"Huyu ndiye mtoto?"

"Kitindamimba," alisema Chokaa.

Fundi alipewa gauni la kijani la kufunga kamba mgongoni. Akalivaa nyuma ya pazia, akatoka na suruali yake pana mkononi, na furaha ikamfanya awe na mkono mwepesi. Msafishaji alikuwa anapita na ndoo. Fundi akamwambia ichukue hii mwanangu, fanya tambara.

Ndani palikuwa na baridi na taa kubwa. Walimchoma sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikaanza kuwa ya mtu mwingine. Walitundika shuka kati ya kifua chake na tumbo lake asione. Kusikia alisikia. Alisikia mkasi, akaujua kuwa ni mkali, mkasi mbaya hutafuna. Alisikia maji yakivutwa kwenye mpira, mengi, kama ndoo inayomwagwa polepole, na akaona haya kwa wingi wake, kana kwamba ameiba. Muuguzi mmoja alikuwa ameweka kiganja begani pake, ili kumtuliza. Labda alifanya hivyo kwa kila mgonjwa. Kiganja kilikaa pale muda wote, chenye joto kupitia glavu, na Fundi hakuthubutu kusogea kisije kikaondoka.

"Mzee, uko nasi?" aliuliza daktari nyuma ya shuka.

"Nipo. Umeshapinda?"

"Napinda sasa hivi."

Alipotolewa nje Chokaa alikuwa anasinzia kwenye benchi, mdomo wazi. Walingoja mpaka miguu ikarudi, Fundi akainuka, akaomba mfuko wake. Suruali ya kahawa ilipanda vizuri hadi magotini. Ikapanda kwa tabu hadi mapajani. Hapo ikagoma. Kati ya bandeji na uvimbe mpya, uliokuwa mdogo kuliko ule wa zamani lakini mkubwa kuliko suruali ya kijana, zipu haikusogea hata meno mawili. Fundi alivuta pumzi, akaingiza tumbo ndani, kana kwamba tatizo lilikuwa tumbo.

Daktari alipita akamwona. "Si nilikwambia nguo pana, mzee?"

Alikuwa amemwambia. Kitambaa ukikipunguza kimepungua, lakini nyama ina uamuzi wake, huvimba kwanza kwa hasira ndipo isamehe. Fundi alisema anayo nyingine, akamtafuta msafishaji. Walimkuta mwisho wa ujia. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa sakafuni unafuta, mwingine umelowa ndani ya ndoo.

Chokaa aliingia nyuma ya pazia, pakawa na mguno wa mtu mnene anayesimama kwa mguu mmoja, akatoka na ovaroli tupu, suruali ya kijivu mkononi.

"Vaa. Umeishona mwenyewe, hutalaumu mshono."

Ilikuwa fupi, ikimwishia juu ya vifundo, na kiunoni ilibidi waikaze kwa kamba ya lile gauni, ambayo muuguzi alijifanya hakuiona ikifunguliwa. Lakini katikati, kile kipande cha pembe nne kiliipokea bandeji bila kubana. Fundi alisimama akakisikia. Alikuwa amekishona kwa miaka kwa ajili ya mtu mwingine, na hakuwahi kujua kwamba ni kazi nzuri kiasi kile.

Chokaa alimshika mkono, wakatoka, wakachukua teksi. Nyumbani, chumba cha nyuma ya duka, alimlaza, akampangia mto chini ya magoti kama alivyoagizwa, akachemsha chai akaizidisha sukari. Akakaa juu ya kiti cha cherehani, asicho na mgongo, mpaka jioni. Wakati mmoja Chokaa alisema chumba kina ufa pale juu ya dirisha, atakuja auzibe siku moja.

Alikuja kesho yake na keshokutwa. Kisha kazi ya shule ikaisha, akapata nyingine mji wa mbali. Fundi alipoweza kutembea aliifua ile suruali ya kijivu, akaipiga pasi, akaipeleka kwake. Mke wa Chokaa aliipokea mlangoni, akashukuru, akasema mzee kasafiri na hajasema atarudi lini. Mlangoni kulikuwa na viatu vingi vya watoto. Fundi alivitazama kidogo, akaaga.

*

Uvimbe ulisamehe polepole, kama alivyoambiwa. Ikafika asubuhi ambayo suruali ya kahawa ilipanda yenyewe, zipu ikapita, kifungo kikaingia tunduni bila kuomba. Fundi alisimama katikati ya chumba. Akachuchumaa, akainuka. Akachuchumaa tena. Akavua koti la dukani, akalitundika msumarini, akatoka nje bila koti, kwa mara ya kwanza baada ya muda ambao hakutaka kuukumbuka urefu wake.

Alitembea mtaa mzima. Alipita kwenye maduka ya vyombo, akapita sokoni, akarudi kwa njia nyingine. Akaruka mfereji ambao siku zote aliuzunguka. Hakuna aliyegeuka. Kwa nini wageuke? Alikuwa amepona ugonjwa ambao hakuna aliyejua anaugua. Kinyozi peke yake ndiye aliyetoa kichwa dukani, akamwangalia.

"Fundi, umechomekea leo. Unaoa?"

"Nimejipumzisha tu na koti," alisema Fundi, akapita.

Akaketi kwenye cherehani, sasa akitazama mbele sawasawa, magoti yote mawili ndani, na bado hakuanza kushona. Alikuwa amefikiri, bila kujisemea waziwazi, kwamba lile likiondoka na mengine yataondoka nalo. Maji yamekwenda. Ukimya umebaki pale pale, na ukimya huo alikuwa ameutengeneza yeye, mshono kwa mshono.

Alimpigia binti yake simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Kazi zinaendeleaje?"

"Zinaendelea. Nilikuwa nataka..." Kwa mbali alimsikia mtoto akiimba jambo, na mtu mzima akimnyamazisha. "Nilikuwa nataka kukwambia..."

Akangoja maneno yaje. Hayakuja. Alimsikia binti akingoja pia, kisha akamsikia anamsaidia, kwa upole, kama mwalimu anavyomsaidia mtoto asifedheheke mbele ya darasa.

"Najua, baba. Una kazi nyingi. Usijali, sisi tumeshazoea."

Tumeshazoea. Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililomkata. Hasira ingekuwa mlango. Hata ukifungwa kwa kishindo, mtu anajua pa kubisha.

Ujumbe wa simu hakuutaka. Simu za nyumba hushikwa na kila mtu, na jambo lile halikuwa la kusomwa na mkwe akitafuta picha katika simu ya mkewe. Alinunua karatasi na bahasha. Alikaa mezani, ile meza ya kukatia, akaandika kwamba ni mzima, kwamba mvua zimechelewa, kwamba wakati ule hakuweza kuja kwa sababu ya shughuli zisizozuilika. Akaisoma. Ilikuwa na kipande katikati. Akaichana.

Ya pili aliandika kwamba alikuwa anaumwa. Binti angeuliza nini. Akaichana nayo.

Ya tatu aliiandika bila kuinua mkono, kama mtu anayepita juu ya ubao mwembamba na hataki kutazama chini.

"Mwanangu, sikuja kumwona mtoto kwa sababu nilikuwa na busha. Nilikuwa nalo tangu mama yako yuko hai. Kazi sikuwa nazo nyingi kuliko watu wengine. Niliona haya ya kukaa ndani ya basi, haya ya bafu lenu, na haya ya mtoto kunikalia mapajani. Wewe ulidhani sikutaki. Niliona unadhani hivyo nikanyamaza, maana dhana yako ilinifichia aibu yangu. Nimepasuliwa. Nimepona. Rafiki yangu mmoja alinirudisha nyumbani. Sikuandikii ili uniite. Nakuandikia ujue kwamba kila uliponiita nilikuwa nataka kuja."

Akafikiri. Chini yake akaongeza mstari mmoja: "Sasa naweza kukaa kwenye basi."

Akaweka jina lake lote, lile ambalo mtaani hakuna aliyelijua. Akaikunja karatasi kwa ukucha, pindo juu ya pindo, akaitia ndani ya bahasha, akaandika jina la binti na sanduku la posta la shule anakofundisha, ili ifike mikononi mwake na si kwa mwingine. Alilamba gundi. Ilikuwa chungu. Akabana ukingo kwa kidole gumba, kutoka kona hadi kona, akauangalia kwenye mwanga wa dirisha kama hauna mahali palipoachia.

Kisha akavaa viatu, akafunga duka, akaenda posta kwa miguu. Karani akaibandikia stempu na kumwonyesha sanduku ukutani. Fundi aliiingiza nusu, akaishika kidogo, akaiachia.